Barua ya Mwananchi Inapopita Kwenye Wingu: Zana za Lugha Kazini na Mipaka Yake

Kila siku ya kazi, katika masijala za halmashauri, hospitali, mamlaka za maji na wizara za Tanzania, huingia barua, barua pepe, ujumbe mfupi wa simu na fomu zilizojazwa na wananchi. Yupo anayelalamikia ankara ya maji, yupo anayeulizia hatma ya kiwanja chake, yupo anayeshukuru kwa matibabu ya mzazi wake, na yupo anayemtuhumu mtumishi kwa kudai rushwa. Kwa miaka mingi kazi ya kuzipokea ilikuwa ya mtu mmoja mwenye kalamu: alizisoma moja baada ya nyingine, akaandika dokezo sabili na kulipeleka kwa mhusika. Ofisi nyingi zinaendelea hivyo hadi leo.

Hata hivyo, njia nyingine imeingia kimyakimya. Mtumishi hunakili maandishi ya barua, akayabandika kwenye ukurasa wa kivinjari, akabofya kitufe, na kabla hajamaliza kunyoosha mgongo amepata muhtasari, tafsiri ya Kiingereza au hata rasimu ya jibu. Kazi iliyokuwa ya nusu siku imekuwa ya dakika chache. Jambo ambalo haliandikwi popote kwenye ukurasa huo ni kwamba, kwa kubofya kule, barua ya mwananchi imetoka ofisini. Imesafiri hadi kwenye kompyuta nyingine, mara nyingi iliyo nje ya mipaka ya nchi, na huko imesomwa na programu ya kampuni ambayo mwandishi wa barua hakuwahi kuisikia.

Kompyuta hiyo ya mbali ndiyo inayoitwa wingu. Jina hili huwafanya baadhi ya watu wadhani kwamba kuna kitu kinachoelea angani, ilhali wingu ni majengo ya kawaida yenye seva nyingi, umeme mwingi na vipoza hewa vinavyonguruma usiku na mchana. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa fasili yake mwaka 2011, na fasili hiyo bado inatumika sana: ni mpangilio unaomwezesha mtumiaji kupata uwezo wa kompyuta kupitia mtandao, wakati wowote anaouhitaji, kutoka kwenye hazina inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja, huku matumizi yake yakipimwa. Neno la mwisho lina uzito. Kama maji ya bomba yanavyopimwa kwa mita, huduma za lugha za kwenye wingu hupimwa kwa idadi ya herufi au vipande vya maneno vinavyopita, na ankara hutolewa kwa kipimo hicho.

Zana zenyewe ni za aina nyingi. Zipo zinazotafsiri, zinazonukuu sauti na kuigeuza maandishi, zinazofupisha ripoti ndefu na zinazochambua lundo la maoni ili kueleza mangapi ni ya kuridhika na mangapi ni ya kulalamika. Zipo pia zinazochomoa majina ya watu, mahali na taasisi kutoka kwenye matini, na zile zinazoandika rasimu kwa kutumia akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Ofisi yenye maoni elfu kumi ya wananchi kuhusu huduma ya usafiri haina namna nyepesi ya kuyasoma yote kwa wiki moja, na hapo ndipo zana hizi zinapoonesha thamani yake. Vivyo hivyo kwa Mahakama ya Tanzania, ambayo imeanza kutumia mfumo wa unukuzi na tafsiri unaotegemea akili unde. Kwa miongo mingi majaji na mahakimu walilazimika kuandika kwa mkono kila neno la shahidi, na shauri lilikwenda kwa kasi ya kalamu. Anayefahamu adha hiyo hahitaji kushawishiwa kwamba mashine inayosikiliza na kuandika ni msaada mkubwa.

Kiswahili hakikuachwa nje ya mabadiliko haya, ingawa hakikuwa mstari wa mbele. Huduma ya tafsiri ya Google ilikiongeza mwaka 2009, na ile ya Microsoft ikafuata mwaka 2015. Tafsiri za miaka ile ya mwanzo zilikuwa za kuchekesha kuliko kusaidia. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mwaka 2016, pale kampuni hizo zilipoanza kutumia mitandao ya nyuroni inayojifunza kutokana na mamilioni ya sentensi badala ya kuunganisha vipande vya maneno. Leo sentensi ya kawaida ya Kiswahili cha kuandikwa hutafsiriwa vizuri kiasi cha kumfanya msomaji asahau kwamba hakuna binadamu aliyeitafsiri. Kusahau huko kuna gharama, kwa sababu makosa yaliyobaki hayaonekani kama makosa. Yamevaa sarufi nzuri.

Mfano ulio karibu zaidi ni saa. Mswahili anahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, hivyo saa 3:00 asubuhi ni saa tatu tangu kupambazuke. Barua ya mwaliko inayosema kikao kitaanza saa 3:00 asubuhi inaweza kugeuzwa kwa Kiingereza kwa kunakili tarakimu ileile na kuongeza alama ya kabla ya adhuhuri. Mgeni anayeisoma ataelewa kwamba anaitwa ofisini saa 9 za usiku. Kwa mgeni wa kikao hilo litaishia kwenye kicheko. Kwa mgonjwa aliyeandikiwa muda wa kumeza dawa, au kwa mkandarasi aliyepewa saa ya mwisho ya kuwasilisha zabuni, kicheko hakipo.

Umbo la neno la Kiswahili nalo lina mtego wake. Tofauti ya mdai na mdaiwa, mlalamikaji na mlalamikiwa, mrufani na mrufaniwa imebebwa na silabi chache mwishoni mwa neno, na silabi hizo ndizo zinazoamua nani amemshtaki nani. Muhtasari wa mashine unaobadilisha pande hizo husomeka vizuri kabisa, ila umemhukumu asiye na kosa. Neno kuazima lenyewe hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea, na ni muktadha pekee unaoonesha pikipiki ilikuwa ya nani. Nafsi ya tatu nayo haisemi jinsia. Sentensi kwamba daktari alimweleza muuguzi kuwa amechelewa haimtaji mwanamume wala mwanamke, wala haisemi kwa uhakika nani kati yao aliyechelewa. Kiingereza kinadai jinsia itajwe, na mashine, kwa kufuata mazoea ya matini ilizojifunza, mara nyingi humfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke. Katika taarifa ya uchunguzi wa kinidhamu, kubahatisha kwa namna hiyo ni kuongeza ushahidi ambao hakuna shahidi aliyeutoa.

Upande wa uchanganuzi wa hisia ni mgumu zaidi, kwa kuwa Mswahili hasemi kila jambo waziwazi. Mwananchi anayeandika kuwa huduma si haba, si mbaya, au haina mfano, ameshukuru, ingawa kila kauli ina neno la kukanusha. Anayeandika "Ahsanteni sana kwa kutusahau wana kijiji, tunawaombea heri" amelalamika kwa uchungu, na hakuna neno hata moja la hasira katika sentensi yake. Programu inayohesabu maneno mazuri na mabaya itamweka wa kwanza kwenye kapu la malalamiko na wa pili kwenye kapu la pongezi. Ripoti itakayopanda kwa mkuu wa taasisi itaonesha kwamba kijiji kilichosahauliwa kinafurahia huduma.

Majina huongeza utata. Katika orodha ya malipo ya halmashauri yoyote hawakosekani watu wanaoitwa Shida, Tabu, Mashaka au Matatizo, wala wanaoitwa Furaha, Neema na Baraka. Barua inayosema Mzee Shida amehudumiwa na Bi. Furaha inaweza kuichanganya zana isiyozoea majina ya hapa. Mji wa Moshi unageuka moshi wa kuni, Tanga inakuwa tanga la jahazi, na Mto wa Mbu, mahali panapofahamika na kila dereva wa barabara ya Ngorongoro, panabaki kuwa mto na wadudu. Wilaya ya Same mkoani Kilimanjaro ina bahati mbaya ya kuandikwa sawasawa na neno la Kiingereza linalotumika sana, hivyo zana iliyofunzwa Kiingereza huipita bila kujua kwamba imetajwa wilaya.

Kisha kuna Kiswahili cha simu. Kijana anayeandika "2naomba m2saidie xaxa" anaeleweka mtaani kote, na si haki kumkosa kwenye hesabu kwa kuwa hakuandika kwa sanifu. Hata hivyo, matini ambazo zana nyingi zilijifunza ni za magazeti, tovuti na vitabu vya dini, ambamo hakuna aliyewahi kuandika tarakimu 2 badala ya silabi "tu".

Sababu ya udhaifu huu ni uchache wa matini zilizoandaliwa kwa kazi hiyo. Mradi wa watafiti wa Kiafrika uliojulikana kwa jina la AfriSenti, ambao matokeo yake yalitumika katika shindano la kimataifa la mwaka 2023, ulikusanya zaidi ya ujumbe 110,000 wa mtandao wa Twitter katika lugha 14 za Afrika na kuupanga kwa hisia zake. Kiswahili kilikuwamo, lakini sehemu yake ilikuwa takribani ujumbe 3,000 tu. Kwa lugha ambayo UNESCO mwaka 2021 iliitengea siku yake ya dunia, Julai 7, kiasi hicho ni kidogo mno. Kundi la Masakhane, linalowaunganisha watafiti wa lugha za Afrika, limefanya kazi kama hiyo kwa majina ya watu na mahali, na humo pia Kiswahili kimo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua huduma, taasisi ina wajibu wa kuuliza swali ambalo wauzaji hawalipendi sana: je, uchanganuzi wa hisia unafanya kazi kwa Kiswahili, au kinachofanya kazi ni kuitambua lugha tu? Zipo huduma zinazotambua kwamba matini fulani ni ya Kiswahili, lakini zikiombwa kuichambua hazina uwezo huo, au huitafsiri kwanza kwa Kiingereza na kuchambua tafsiri. Kosa la tafsiri hapo hurithiwa na uchambuzi.

Gharama nayo huathiriwa na umbo la lugha. Neno moja kama "hatutawalipisha" limebeba nafsi inayotenda, ukanushi, wakati ujao, watendwa, shina la kulipa na kauli ya kusababisha. Programu nyingi za akili unde hulikatakata neno la namna hiyo katika vipande kadhaa, kwa kuwa msamiati wake ulipangwa kwa kufuata Kiingereza. Pale malipo yanapohesabiwa kwa vipande, ukurasa wa Kiswahili unaweza kugharimu zaidi ya ukurasa wenye maana ileile kwa Kiingereza. Afisa ugavi anayepanga bajeti kwa mfano wa matini za Kiingereza atashangaa mwisho wa robo mwaka.

Makosa ya tafsiri yamewahi kumgharimu mtu uhuru wake, japo kwa muda mfupi. Oktoba 2017 gazeti la Haaretz la Israel liliripoti kwamba polisi wa nchi hiyo walimkamata mfanyakazi mmoja wa ujenzi, Mpalestina, baada ya kuweka picha yake kwenye Facebook na maneno ya Kiarabu ya kusalimia asubuhi. Tafsiri ya mashine iliyageuza maneno hayo kwa Kiebrania kuwa wito wa kushambulia. Aliachiwa baada ya saa kadhaa, ilipobainika kwamba hakuna afisa anayejua Kiarabu aliyesoma ujumbe wenyewe kabla ya kukamatwa kwake.

Kosa la tafsiri, hata hivyo, huweza kurekebishwa. Siri iliyotoka hairudi. Septemba mwaka huohuo wa 2017, shirika la utangazaji la Norwe, NRK, liliripoti kwamba maandishi ya wafanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Statoil yalikuwa yakipatikana kwa mtu yeyote aliyetafuta kwenye Google. Miongoni mwake zilikuwamo barua za kuachishwa kazi, mikataba na nywila. Hakuna mdukuzi aliyeingia kwenye mifumo ya kampuni hiyo. Wafanyakazi wenyewe walikuwa wameyabandika maandishi hayo kwenye tovuti ya bure ya tafsiri ili wapate kuyaelewa, na tovuti hiyo ikayahifadhi mahali palipo wazi. Kila mmoja wao alikuwa akifanya kazi yake kwa nia njema.

Tanzania ina sheria inayogusa jambo hili moja kwa moja. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Ili kuipa ibara hiyo nguvu, Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Kwa lugha ya Sheria, taasisi inayoamua taarifa za mwananchi zikusanywe kwa lengo gani ni mkusanyaji. Anayezishughulikia kwa niaba yake ni mchakataji. Na mwananchi mwenyewe ni mhusika wa taarifa. Mtumishi anapobandika barua kwenye zana ya wingu, amemwingiza mchakataji mpya katika safari ya taarifa hizo, pengine bila mkataba, bila kibali cha mkuu wake na bila mhusika kujua. Na kama seva ziko ng'ambo, yanaingia pia masharti ya Sheria kuhusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi.

Uzito huongezeka pale taarifa zinapokuwa nyeti. Taarifa za afya, za watoto, za makosa ya jinai, za miamala ya fedha ya mtu na za imani yake ya dini hupewa ulinzi wa juu zaidi. Barua ya malalamiko ya kawaida inaweza kuzibeba zote kwa pamoja: mama anayeomba mwanawe ahamishwe shule ataeleza ugonjwa wa mtoto, mgogoro wa ndoa, kipato chake na pengine jina la mtu anayemtuhumu. Aliyaandika hayo kwa kuiamini ofisi aliyoitaja juu ya bahasha.

Nje ya taarifa binafsi zipo nyaraka za Serikali zenyewe. Utumishi wa umma tangu zamani una masijala ya wazi na masijala ya siri, na mlango wa ile ya pili haufunguliwi kwa kila mtu. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 na Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 hazikutungwa zikifikiria kivinjari, lakini waraka wenye muhuri wa siri haupotezi muhuri wake kwa kuwa umenakiliwa kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kisanduku cha maandishi. Kwa upande wa mifumo, Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019 inazitaka taasisi za umma kuzingatia viwango na miongozo inayosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA. Hivyo basi, zana ya lugha haichaguliwi na afisa mmoja kwa sababu aliiona kwa rafiki yake. Inapita mkondo uleule ambao mfumo mwingine wowote wa TEHAMA wa taasisi unaupitia.

Hapa ni muhimu kutofautisha huduma ya bure na huduma ya mkataba, kwani wengi huzichukulia kama kitu kimoja kwa kuwa zinafanana kwenye kioo. Katika huduma ya bure, masharti ambayo watu huyakubali bila kuyasoma yanaweza kuiruhusu kampuni kuhifadhi maandishi na kuyatumia kuboresha programu zake. Katika huduma ya kulipia kwa mkataba wa taasisi, inawezekana kukubaliana maandishi yahifadhiwe kwa muda gani, katika nchi gani, nani ayaone na yafutwe lini. Mkataba wa namna hiyo haufanyi kila kitu kuwa salama, lakini unampa mkaguzi na mwananchi mahali pa kuanzia kuuliza. Kwa kazi nyingine, njia inayofaa zaidi ni programu inayofungwa kwenye seva za ndani, iwe kwenye taasisi yenyewe au kwenye vituo vya data vilivyopo nchini, hata kama uwezo wake ni mdogo kuliko ule wa makampuni makubwa.

Seva za ndani zina sifa nyingine ambayo ilikumbukwa Mei 12, 2024. Siku hiyo mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Ofisi iliyokuwa imezoea kupitisha kila barua kwenye wingu ilibaki na ukurasa unaozunguka bila kufunguka. Iliyokuwa na watu wanaojua kusoma, kufupisha na kutafsiri kwa mikono yao iliendelea na kazi, ingawa polepole.

Katika matumizi ya kila siku, hatua chache hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Kabla ya kupeleka matini kwenye zana, majina, namba za simu, namba za kitambulisho cha Taifa na namba za majalada hubadilishwa kwa alama, na orodha inayoonesha alama ipi ni ya nani hubaki ofisini. Kuondoa jina pekee hakutoshi. Barua inayomtaja mwalimu mkuu wa kike wa shule pekee ya sekondari katika kata fulani imemtaja kwa jina, ila kwa maneno mengi. Tafsiri inayotoka husomwa na mtu anayezijua lugha zote mbili, akianza na tarakimu, saa, tarehe, kanusho na pande za shauri, kwani huko ndiko makosa yanakojificha. Istilahi hulinganishwa na zile zilizosanifiwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ili taasisi moja isiite kitu kwa majina matatu ndani ya waraka mmoja. Hili limepata uzito zaidi tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa kuwa neno linalochaguliwa ovyo katika rasimu leo linaweza kesho kusomwa mbele ya hakimu.

Kwa rasimu zinazoandikwa na akili unde, tahadhari moja inahitaji kutajwa peke yake. Programu hizi hutunga sentensi kwa kukadiria neno lipi linafuata, hivyo zinaweza kutaja kifungu cha sheria, waraka au hukumu ambayo haipo. Juni 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zenye kesi zilizotungwa na ChatGPT. Kesi hizo zilikuwa na majina, namba na hata nukuu. Katika barua ya Serikali inayomnyima mwananchi kibali kwa kutaja kifungu, anayesaini ndiye anayewajibika kufungua kitabu cha sheria na kukiona kifungu hicho kwa macho yake.

Mwananchi naye ana nafasi katika mpangilio huu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inampa haki ya kujua taarifa zake zinachakatwa kwa lengo gani, kuomba zirekebishwe pale zinapokosewa, kupinga uchakataji unaoweza kumletea madhara, na haki mahsusi kuhusu uamuzi unaofanywa na mashine pekee bila mtu. Kwa hiyo, mwombaji ambaye ombi lake limekataliwa anaweza kuiuliza taasisi kama barua yake ilisomwa na mtumishi au ilipangwa na programu, na kuomba iangaliwe upya na binadamu. Swali hilo huandikwa kwanza kwa taasisi husika. Njia za kawaida za mrejesho zinatumika pia, ukiwamo mfumo wa e-Mrejesho ambao hupokea malalamiko, maulizo, mapendekezo na pongezi kuhusu taasisi za umma. Endapo hoja ni kwamba taarifa zake binafsi zimetumiwa au zimetolewa kinyume cha Sheria, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yakiambatana na nakala ya barua aliyoiandika, tarehe aliyoiwasilisha na jibu alilopewa.